Kikapu Hakirudi Kitupu

Wageni wanaofika Namtepa hushangazwa na mambo mawili. La kwanza, kila duka lina safu ya misumari mlangoni, na kila msumari una kikapu. La pili, mtu akirudisha kikapu alichoazima, humkabidhi mwenye duka kikiwa na taka za mtoni, na mwenye duka hushukuru. Nyinyi, wajukuu zangu, mmezaliwa mkayakuta, ndiyo maana mmechelewa kuuliza. Sasa mmeuliza.

Palikuwa na wakati misumari hiyo haikuwapo. Si ile kale ya wanyama kusema. Ni kale ya karibu, bibi yenu Somoe alipokuwa bado na meno yote, na duka jipya karibu na daraja. Yeye ndiye aliyeileta mifuko ya nailoni ya buluu. Msimlaumu. Kabla yake watu walifunga chumvi kwenye jani la mgomba na unga kwenye pindo la khanga, na mvua ikiwakuta njiani, vyote viliishia matopeni. Mfuko ulikuwa mwepesi, haukuvuja, na Somoe aliutoa bure. Maduka mengine yakaiga. Hata aliyenunua kiberiti kimoja aliondoka na mfuko.

Lakini mfuko ule haukujua kuoza. Ulitoka mkononi ukaenda jalalani, upepo ukaupeleka mtoni, mto ukaufikisha darajani, na hapo ukawakuta wenzake. Masika ya mwaka wa tatu daraja liliziba kama koo lenye mfupa. Maji yakalala siku tisa juu ya mpunga wa bondeni. Shamba lililooza lote lilikuwa la Zena, wifi yake Somoe, mjane asiye na shamba jingine.

Zena alikuja dukani na mche mmoja uliooza, akauweka juu ya meza ya kuuzia.

“Wifi, nimekuletea mavuno,” alisema. “Nifungie kwenye mfuko.”

Mawifi hutaniana, na wateja walicheka. Somoe hakucheka, akauliza:

“Na masika yajayo je?”

“Yakinikuta daraja bado limeziba, nahamia kwako. Nitalala kwenye mizani.”

Jioni ile Somoe aliiondoa mifuko dukani. Akanunua vikapu thelathini vya ukili kwa wasusi wa ng’ambo ya mto, akapigilia misumari, akatangaza kwamba asiye na kikapu aazime, akirudishe siku atakayokuja tena. Watu walifurahi. Baada ya wiki mbili misumari yote ilikuwa mitupu. Tena walioazima hawakuonekana. Walipita upande wa pili wa barabara, wakielekea kwenye maduka yenye mifuko.

Wako waliosema watu wa Namtepa ni wezi. Zena hakusema hivyo. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akavikuta vikapu vimetundikwa ukutani, vimepanguswa vumbi kama vyombo vya harusi. Kwa mzee Chinguile aliuliza:

“Babu, mbona kikapu cha watu hujakirudisha?”

“Nikirudishe kitupu, mjukuu wangu? Nitie nini? Mihogo yangu haijakomaa. Napita mbali na duka kwa aibu.”

Hapo Zena akaelewa. Sisi chombo cha mtu hatukirudishi kitupu. Sahani ya jirani hurudi walau na limau moja. Somoe, katika haraka ya kutenda jema, alikuwa amewatwika watu thelathini aibu.

Zena alikichukua kikapu cha mzee, akashuka darajani, akaingia majini hadi magotini. Aling’oa mifuko iliyonasa kwenye nguzo mpaka kikapu kikajaa, akakipeleka dukani, akakiweka pale pale alipouweka ule mche.

“Kikapu chako hiki, wifi. Hakikurudi kitupu.”

Somoe alitazama ndani. “Mbona hii ni mifuko yangu?”

“Ndiyo maana nimeirudisha.”

Safari hii Somoe alicheka, akakipokea kwa mikono miwili. Habari zilipomfikia mzee Chinguile kwamba kitu cha mtoni kinapokelewa kama zawadi, alishuka mwenyewe na fimbo yake kwenda kuokota. Wengine wakafuata, na maduka yaliyobaki bila wateja yakatafuta misumari. Wasusi waliiosha mifuko ile, wakaisokota na kuitia ukingoni mwa vikapu vipya. Ndio ule mstari wa buluu mnaouona. Masika yaliporudi, maji yalipita chini ya daraja yakiimba, na Zena akavuna.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu kikapu cha dukani hurudi kwa njia ya mtoni. Ila vikapu vya mwaka huu, kama mmetazama vizuri, mstari wake ni mwembamba kama uzi. Mtu huzunguka ukingoni mwa mto asubuhi nzima asipate cha kuokota. Juzi nilimwona Somoe akipokea kikapu kwa mikono miwili, akachungulia ndani. Mlikuwa na limau moja.