Nimekuja Kuomba Kula

Mhunzi hashiki chuma cha moto kwa mkono. Hukishika kwa koleo. Koleo likivunjika, mhunzi mvivu huzima moto akaenda nyumbani kulalamika. Mhunzi wa kweli hutazama huku na huku, akaokota chochote kinachoweza kushika, kazi ikaendelea. Shakira, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, aliijua methali ya koleo tangu utotoni, lakini kuijua methali ni jambo moja na kuvunjikiwa na koleo ni jambo jingine.

Ilikuwa mwaka wa 1992 jijini Kigali. Chuo kimoja cha maigizo kule Kacyiru kilikuwa kikiwaaga wanafunzi wanne waliosomea kuongoza tamthilia. Kila mmoja alipewa Jumamosi yake ya kuonyesha mchezo mpya, saa tisa alasiri, ili watazamaji wawahi kufika makwao kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje usiku. Asiyeonyesha hapati cheti. Hapakuwa na mjadala. Watatu walichagua Kifaransa. Shakira alichagua Kiswahili, wenzake wakamcheka kwamba anapandisha lugha ya sokoni jukwaani.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Jumamosi ya nne ni yangu, na haiko mbali."

Mchezo wake ulihusu mgombea anayezunguka vijijini. Siku hizo vyama vya siasa vilichipuka kama uyoga, na neno kura lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mgombea aliigizwa na Jean-Berchmans, kijana mrefu aliyekulia Bukavu, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Baba yake Shakira alikwisha kumshonea koti la kijivu. Siku tatu kabla ya onyesho, malaria ikamwangusha Jean-Berchmans kitandani.

Mwalimu Eustache, mkuu wa chuo, alimwita Shakira ofisini.

"Bon, binti yangu. Ugonjwa hauna mwenyewe. Ngoja mwakani."

"Na mwakani mtaniruhusu Kiswahili?"

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa polepole. "Mwakani ni mambo ya mwakani."

Shakira alielewa kwamba hawatamruhusu. Alisimama wima. "Basi ni Jumamosi hii hii, mwalimu."

Aliyepatikana kushika nafasi ya mgonjwa alikuwa Silvère, seremala wa mtaa wa Kimisagara aliyekuwa akitengeneza jukwaa. Kwa kusikiliza mazoezi mwezi mzima huku akipigilia misumari, alikuwa ameyahifadhi maneno yote.

"Dada Shakira, mimi iko tayari," alisema. "Maneno yote iko hapa kichwani."

Kweli yalikuwepo. Tatizo lilikuwa ulimi. Kama wengi wa mjini hapo, Silvère alichanganya r na l. Mgombea alipaswa kutamka, "Ndugu zangu, sikuja kuomba mali. Nimekuja kuomba kura tu." Silvère alinyoosha mikono, akanguruma: "Nimekuja kuomba kula tu!"

Cécile, aliyeigiza bibi wa kijiji, alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi nzima Shakira alimsahihisha, na mambo yakazidi kuharibika. R ilipopatikana kwenye kura, ilihamia kwenye chakula, kikawa chakura. Jioni, kichwa kikimgonga, alimpeleka kwa baba yake akapunguziwe koti, maana Silvère alikuwa mfupi na mikono ya koti ilimfunika vidole. Akiwa amesimama mbele ya kioo, Silvère alijaribu tena: "Nimekuja kuomba kula tu."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake aliangua kicheko. "Heee! Leo mmoja amekiri mwenyewe!"

Shakira alitaka kukasirika, lakini akajizuia. Alimtazama yule mama, akamtazama Silvère, kisha akampokonya baba yake chaki na karatasi ya kukatia mitindo. Hapo hapo, juu ya meza ya cherehani, aliuandika mchezo upya. Sasa wanakijiji wanasikia kula, kwa hiyo wanaleta sahani. Kila mara mgombea akihutubia, anakula, mpaka kijiji kinabaki na vyombo vitupu. Ijumaa walifanya mazoezi kutwa, na hakuna aliyelala njaa ya kicheko.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wale wenzake watatu walikaa safu ya mbele, mikono wameikunja. Silvère alitokea ndani ya koti lake, akanyoosha mikono.

"Ndugu zangu, sikuja kuomba mali. Nimekuja kuomba... kura tu."

Neno lilitoka safi, r imenyooka kuliko ya Jean-Berchmans. Hofu ilikuwa imemnyoosha ulimi saa ile ile ulipohitajika kupinda! Wanakijiji waliduwaa na sahani zao mikononi, hata Cécile. Shakira aliyaona yote nyuma ya pazia. Koleo la pili lilikuwa limevunjika, tena mbele ya kadamnasi, na mwezi mzima wa jasho ulikuwa unakwenda na maji.

Hakulia. Alijifunga kitenge kichwani, akanyakua sahani, akaingia jukwaani akijikongoja.

"Mheshimiwa," alisema, "masikio yangu yamezeeka. Umesema kura, ama umesema kula?"

Silvère aliitazama sahani. Akamtazama Shakira. Jibu la swali hilo halikuandikwa popote.

"Mama," alisema hatimaye, "yote iko moja tu. Leta sahani."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga na miguu. Bwana mmoja wa wizarani alicheka mpaka machozi, kisha akageuka haraka kuangalia nani amemwona. Wale watatu wa mbele walikuwa wamekunjua mikono wakishangilia na wengine, na mchezo ulikwenda hadi mwisho bila kuyumba tena.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Eustache alimkabidhi Shakira cheti, lakini hakukiachia mara moja. "Niambie kweli. Lile jibu la sahani, ulimfundishaje yule seremala?"

"Sikumfundisha, mwalimu," Shakira alijibu akicheka. "Nilishindwa kumfundisha."

Akakivuta cheti chake, akateremka Kimisagara kumwonyesha Silvère, aliyekuwa akipiga randa mlango wa mtu huku akiimba kwa r na l zake zilizochanganyika. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.