Mzazi wa Tatu wa Remigi

Kaeni mkao wa kusikiliza, na anayependa kukata kauli haraka ajizuie kidogo, maana kesi hii imenishinda na sasa nawatupia nyinyi.

Palikuwa na watu watatu katika bonde la mpunga. Wa kwanza ni Bibi Sekunda, ambaye vidole vyake vilijua kuliko macho ya wengine. Angechambua mchele huku anapiga soga, wala asiache chuya hata moja. Wa pili ni Gaspar wa bodaboda, mbishi wa njia. Akishasema nafika, anafika. Wa tatu ni Daktari Adelina wa hospitali ya mjini, na kipaji chake kilikuwa kutoridhika. Jibu la kwanza hakuliamini, hata kama amelitoa mwenyewe.

Katikati yao alikuwapo Kanisia, mjane, mkwe wa Bibi Sekunda. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Remigi, wa miaka sita.

Kila msimu Kanisia alihamia shambani na mwanawe kuwinga ndege wasile mpunga, kama wanavyofanya watu wote wa bonde. Walilala kibandani, na chandarua kilibaki kijijini kwa sababu kibanda hakikuwa na pa kukifungia. Mwaka ule Remigi aliugua malaria mara nne. Kila mara alipewa dawa, akapona, akarudi kukimbiza ndege.

Kisha meno yakaanza kung'oka. Ikawa shangwe: mtoto anakua! Jino la kwanza akalirusha juu ya paa huku watoto wa vibanda jirani wakimwimbia, na la pili vilevile. Kanisia alipiga vigelegele, na vigelegele vile anavijutia mpaka leo.

La tatu liling'oka siku ambayo Bibi Sekunda alikuwa amewaletea chumvi. Kabla mjukuu hajalirusha, aliomba alishike. Akaligeuzageuza vidoleni.

"Kanisia, hili ni gego. Tena lina mizizi yake yote."

"Mama, si meno ya utoto tu?"

"Meno ya utoto yakianguka kwa wakati wake hayana mizizi. Nimelea watoto tisa, nimeyashika yote. Hili limesukumwa." Akapitisha kidole kwenye taya la mtoto, akakuta uvimbe mgumu usiouma. "Ondokeni leo."

Mvua zilikuwa zimekata barabara. Madereva watatu walikataa. Gaspar akatazama shavu la mtoto, akasema tu, "Pandeni." Mto wa kwanza pikipiki ilivuka juu ya mtumbwi. Mto wa pili Gaspar alimvusha mtoto mabegani, maji yakiwa kifuani, kisha akarudi kumshika mkono mama yake. Walifika siku ya pili. Na hakuishia hapo. Matibabu yalitaka warudi hospitali kila baada ya wiki mbili, mara sita, na mara zote sita Gaspar alikuwa mlangoni kabla jua halijapanda, hata siku aliyokuwa yeye mwenyewe anatetemeka kwa homa.

Hospitalini karatasi ya kwanza iliandikwa: jipu la jino, apewe dawa, arudi nyumbani. Aliyeiandika ni Adelina. Kanisia alikwishafika getini alipoona daktari anakuja mbio, koti linapepea.

"Mama Remigi, rudi! Jipu huuma, na hili haliumi. Naogopa nimekosea."

Akatoa nyama kidogo kwa sindano, akaiweka chini ya hadubini. Ilikuwa saratani, ya aina inayokua kwa kasi ya kutisha. Dawa zikaanza mara jibu lilipotoka.

Uvimbe ulipoanza kunywea, Kanisia aliuliza lile lililokuwa likimtafuna. "Daktari, hii imetoka wapi?"

"Kuna kirusi ambacho karibu sisi sote tunacho," Adelina alimjibu. "Hutuingia utotoni kwa mate, kisha hulala ndani ya chembe za damu maisha yote. Wengi hakiwadhuru. Lakini malaria ikirudiarudia, kinga huchoka na kirusi huamka. Chembe kilimolala zinazaana ovyo, na moja ikiharibika inaweza kuwa saratani. Kwa nini huyu na si jirani yake, hatujajua vizuri."

Bibi Sekunda, aliyekuja siku hiyo kumwona mjukuu, aliziba mdomo kwa kiganja. "Kwa mate? Mimi ndiye niliyemtafunia wali alipokuwa hajaota meno."

"Bibi, angekipata hata kwa kikombe cha mwenzake. Huna kosa."

Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini tangu siku ile hakula tena sahani moja na mjukuu wake. Kanisia naye alikuwa na lake. Alikuwa akikifikiria chandarua.

Remigi alipona, na mwaka ukapita bila uvimbe kurudi. Sasa katika ukoo ule, mtoto akirudishwa kutoka mautini, aliyemrudisha hutangazwa kuwa mzazi wa tatu. Humpa mtoto jina jipya, na kauli yake juu ya mtoto huwa sawa na ya mama. Na ni mtu mmoja tu, anayetajwa na mama mbele ya ukoo.

Asubuhi ya siku ya kutangaza, Kanisia alifagia ua mara tatu. Gaspar alikuja na shati lililopigwa pasi. "Dada, sina mtoto, nawe unajua," alimwambia bila kuzunguka. "Ukinitaja, atakua hapahapa nikimwona kila siku." Adelina alimvuta pembeni: "Ukinitaja mimi, nitamchukua asome mjini. Sitaki aumwe tena na mbu wa kile kibanda." Bibi Sekunda alisubiri mpaka wale wawili wameondoka, akamshika mkwewe mkono. "Mwanangu, mimi nisitajwe. Unajua kwa nini."

Kanisia akapima moyoni. Asipomtaja bibi, ataamini mpaka anaingia kaburini kwamba amehukumiwa. Akimtaja, Gaspar atarudi kwenye nyumba tupu, na Remigi atarudi kibandani na wenzake msimu ujao.

Shangazi wa ukoo, msimamizi wa tangazo, ameuliza mara moja, "Mzazi wa tatu ni nani?" Ameuliza mara ya pili. Kanisia amesimama, mkono begani mwa mwanawe, Gaspar na Adelina wanamtazama, na bibi ameinamisha macho.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: bila mmoja wao yeyote, mtoto huyu asingekuwapo. Je, wewe ungelitaja jina la nani? Na ukishalitaja, wale wawili wengine ungewatazamaje usoni?