Kamba ya Ng'ombe wa Mwaka

"Na sisi tushike wapi?"

Aliyeuliza ni Shee Mwinyikai, mkuu wa wafumaji wa Mtaa wa Chini, na alimwuliza Sultani Ghalibu bin Muhidini, mtawala wa mji wa Shangamu, mbele ya kadamnasi. Maana ada ya mji ule, tangu kuasisiwa kwake, kila Mwaka Mpya ng'ombe huzungushwa mji mzima kuuzingua, mabaya yautoke, kabla ya kuchinjwa, na kamba yake hushikwa na watu wawili, mmoja wa Mtaa wa Juu na mmoja wa Mtaa wa Chini. Mwaka ule Sultani, kwa kuwapendelea wajomba zake, aliwapa watu wa Juu kamba yote.

Watu wa Chini hawakuila nyama ile. Wakafunga lango lililo kati ya mitaa, na wa Juu wakawa wakipita nje yake wakiwakejeli, "Mkia upo, kaushikeni," na wahunzi wa pande zote mbili wakaacha kufua majembe, wakafua mikuki.

Siku ya tatu Mwana Rehani, binti pekee wa Sultani, aliyeolewa na mwana wa Mwinyikai, akamwendea babake na mimba ya miezi minane.

"Baba, nenda langoni useme ulikosea. Basi."

"Mwanangu, sultani haombi radhi kwa wafumaji."

"Na hilo joho ulilovaa kafuma nani?"

Binti alipoondoka, Sultani akasugua pete yake, na akatokea jini Kaimari, mtumwa wa pete, kichwa chake kikigusa dari.

"Niamuru, ee maulana. Nikufikishe langoni kabla hujapepesa jicho?"

"La. Niondolee vita hivi nami nimekaa papa hapa."

"Maulana, milima naibeba. Radhi siwezi kukuombea; hiyo hutoka kinywani mwa aliyekosa."

"Basi kachukue silaha za watu wa Chini, zote."

Jini akainama, na machozi yakamlengalenga, na kabla ya adhuhuri mikuki yote ya Chini ilikuwa imelundikwa uani kwa Sultani. Habari zikafika Mtaa wa Juu kwamba wenzao wako mikono mitupu, na walioogopa jana, leo wakavunja lango. Walikuta watu wameshika michi ya kutwangia. Mwana Rehani alisimama mlangoni kwa mumewe, akisema yeye ni mtoto wa ikulu, na kwa kelele zile hakuna aliyemsikia. Akazikwa na mwanawe tumboni.

Sultani aliishi miaka thelathini baadaye, na pete ikamletea lulu na yakuti, na akaoa tena mara mbili, na washairi wake wakaimba kwamba vita vile viliandikwa, hakuna mwanadamu ambaye angevizuia. Uongo huo. Alikuwa na siku tatu, na jini wa kumbeba, na binti aliyemfundisha hata la kusema.

Wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja: ukisimuliwa habari za Shangamu, na msimulizi akasema ilikuwa kadari, mkatize.