Sekunde Ishirini na Sita za Bibi Sikuzani

Hapo zamani, na simaanishi zamani za mababu, namaanisha zamani ile ambayo taa za barabarani mjini kwetu zilikuwa bado zinanuka rangi mpya, kulikuwa na mafundi watatu na kiti kimoja. Haya nisemayo sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho haya mawili, na macho haya yamesoma kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la tano. Yenyewe hayajawahi kufukuzwa mahali. Siku yenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kinu, debe la mahindi begani, nasubiri zamu yangu ya kusaga. Na yale ya ofisini yalisemwa dirisha likiwa wazi. Mwenye kubisha asubiri nimalize, ndipo abishe.

Mafundi wale walikuwa vibarua wa ofisi ya barabara. Mmoja alihesabu, mmoja aliweka muda wa taa, mmoja alipaka rangi. Mkataba wao ulikuwa wa miezi mitatu, ukiisha wanasaini mwingine wa miezi mitatu, na walikuwa wamesaini hivyo kwa miaka sita. Siku moja mkubwa wao, Injinia Ndyamukama, akawaita na kuwaambia kwamba imepatikana nafasi moja ya kudumu. Ninyi mnaojua vibarua mtanielewa. Fundi wa kudumu ana kiti chake na shati lenye jina kifuani. Akiugua, anaugua akiwa bado fundi. Kibarua akiugua ni mgonjwa tu.

"Nafasi ni moja nanyi mko watatu," Injinia akasema. "Njiapanda ya Kinu inagonga watu. Atakayeituliza, jina lake nalipeleka Jumatatu."

Njiapanda ya Kinu iko hivi. Barabara kubwa inashuka mteremko wa Kanisani, inapita kati ya soko na kinu cha kusagia. Mahindi yako upande huu, kinu upande ule, na katikati kuna kivuko chenye taa. Taa ya waenda kwa miguu ina kile kisanamu cha kijani, wenyewe tukikiita Bwana Kijani. Bwana Kijani alikuwa akiwaka kwa sekunde kumi na nne, kama kitabu kilivyoagiza.

Sasa, alikuwepo Bibi Sikuzani. Nyonga yake moja ilikuwa imegoma kazi tangu zamani, lakini kila siku ya soko alivuka kwenda kusaga, akavuka tena kurudi na ndoo ya unga kichwani. Sekunde ya kumi na nne ilikuwa ikimkuta amekwisha kupita katikati, yuko upande wa magari yanayoshuka. Bwana Kijani anazimika, magari yanaruhusiwa, naye anasimama palepale, wima, ndoo kichwani, magari yanampita mbele na nyuma mpaka zamu nyingine. Madereva walimpigia honi. Hakuwahi kumgeukia hata mmoja.

Mzee Nsajigwa ndiye aliyehesabu. Alikaa na kigoda chake kando ya njiapanda siku tatu, fomu pajani, akichora vijiti: vinne wima, cha tano kinalala juu yao. Fomu ilikuwa na safu ya malori, ya mabasi, ya magari madogo, ya bajaji, ya pikipiki, hata mikokoteni ilikuwa na yake. Safu ya watu wa miguu haikuwepo. Siku ya tatu Nsajigwa akaigeuza fomu, akaanza kuhesabu miguu kule nyuma. Akatazama saa yake ya mkononi, akaandika: wanawake wenye mizigo, sekunde ishirini na mbili. Bibi Sikuzani, ishirini na sita. Siku ile alikuwa na safari nne za kinu; akampima mara nane, kwenda na kurudi. Ishirini na sita, mara nane.

Akaipeleka fomu kwa Injinia. Injinia akaisoma mbele, akaisifu. Nsajigwa akamwomba atazame na nyuma.

"Mzee Nsajigwa," Injinia akasema, "fomu ina mbele tu. Mashine yetu haijui kusoma nyuma."

Nsajigwa akasema sawa. Akachukua fomu yake, akarudi kigodani.

Hapo Bibi Sikuzani alikuwa bado hajavuka.

Mkude ndiye aliyeweka muda. Ufunguo wa sanduku la taa, lile sanduku la chuma linalosimama pembeni ya njiapanda kama kabati lililofukuzwa nyumbani, aliutundika shingoni hata akioga. Ijumaa asubuhi alikuta fomu ya Nsajigwa imewekwa juu ya sanduku, imelazwa kifudifudi, jiwe juu yake. Akasoma kule nyuma. Akamwuliza mzee hiyo ishirini na sita ni nini.

"Ni Bibi Sikuzani," Nsajigwa akajibu.

Amri ya sanduku ilikuwa kumi na nne, imepigwa muhuri, imebandikwa ndani ya mlango. Anayeibadilisha bila karatasi ananyang'anywa ufunguo, na kibarua aliyenyang'anywa ufunguo hasainishwi tena mkataba. Mkude alijua hivyo. Mchana, njiapanda ikiwa tupu kwa sababu watu wameenda swala, akafungua sanduku, akatoa kumi na nne, akaweka ishirini na sita, akafunga. Hakumwambia mtu. Jioni madereva wakaanza kunung'unika kuwa taa ya Kinu imelala usingizi. Mkude akawaambia ni umeme.

Hapo Bibi Sikuzani alikuwa bado hajavuka.

Kalunde ndiye aliyepaka rangi. Alipewa kazi ya kuchora upya mstari wa kusimamia, ule mstari mnene mweupe unaoliambia gari: mwisho wako hapa. Mstari ule hutakiwa kuwa mita tatu kabla ya kivuko. Lakini sikilizeni habari ya futikamba ya ofisi ile. Mita zake mbili za mwanzo zilikuwa zimekatika, zilipitiwa na tairi mwaka wa kwanza, na ombi la mpya lilikuwa likizunguka mezani kwa watu. Kwa hiyo futikamba ilianzia mbili. Ukitaka mita tatu, unasoma tano. Vibarua wote walijua hivyo, na Injinia alijua hivyo.

Tatizo ni kwamba wote wawili walijua. Injinia, kwa kumhurumia fundi wake, akamwandikia kabisa hesabu ya futikamba: tano. Kalunde akadhani kwa mteremko ule zinatakiwa mita tano za kweli. Akaongeza mbili zake, akasoma saba, akapaka. Mstari ukakaa mita tano kutoka kwenye kivuko badala ya tatu.

Jumamosi asubuhi akapita pale, akaona gari dogo limesimama mbali na kivuko kama lina ugomvi nacho. Akapima kwa hatua. Akapata mita tano. Rangi ile ikikauka haifutiki. Unapaka nyeusi juu yake, na kiraka kinabaki kinakushtaki mwaka mzima. Kalunde akahesabu siku: jina linapelekwa Jumatatu. Akaamua kunyamaza hadi Jumanne.

Hapo Bibi Sikuzani alikuwa bado hajavuka. Sasa anavuka.

Ilikuwa Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, soko limejaa. Bibi Sikuzani alitoka kinuni na ndoo yake ya unga. Bwana Kijani akawaka. Akaingia kivukoni, hatua moja ya mguu mzima, moja ya mguu uliogoma. Kule juu Kanisani lori likaanza kushuka. Lilibeba saruji, mifuko mia mbili na ushee, na breki zake zilikuwa za kubembelezwa. Dereva wake alikuwa mtu hodari, mwenye sura nzuri, ingawa siku ile sura haikumsaidia.

Niwaambie jambo moja kuhusu dereva wa lori. Taa nyekundu anaiona mbali, lakini mguu wake hauisikilizi taa. Mguu unasikiliza mstari. Anaupimia mstari: nikikanyaga hapa, nitafika pale. Hilo nalijua; msiniulize nimelijulia wapi.

Basi, sekunde ya kumi na tisa, bibi amekwisha kupita katikati. Kwa muda wa zamani taa ya lori ingekuwa kijani kwa sekunde tano sasa, na dereva asingegusa breki. Lakini ilikuwa nyekundu. Dereva akaupimia mstari, akakanyaga. Breki zikalia, tairi zikaserereka, lori likafika kwenye mstari na halikusimama. Likaupita kwa mita moja. Mbili. Tatu. Nne. Likasimama mita tano kasoro shubiri, na shubiri ile ndiyo iliyokuwa kati ya bampa na kanga ya Bibi Sikuzani.

Bibi akageuza shingo taratibu kwa ajili ya ndoo. Akamtazama dereva.

"Mwanangu," akasema, "zima hiyo injini. Unanitilia moshi kwenye unga."

Dereva akazima. Bibi akamalizia sekunde zake, akaondoka.

Injinia Ndyamukama alifika kabla tairi hazijapoa. Akafungua sanduku, akakuta ishirini na sita. Akapima mstari kwa futikamba nzima, aliyoazima kwa fundi seremala, akakuta tano. Akamwomba Nsajigwa ile fomu, akaigeuza nyuma, akaisoma amesimama juani. Kisha akawaita wote watatu mbele ya watu, akasema atakayepata kiti atatoka kwenye jambo hili, kila mmoja aseme lake.

Nsajigwa akasema: "Namba ni yangu. Mkude angefungua sanduku aweke ngapi? Angeweka arobaini, malori yangejaa mpaka Kanisani na ninyi mngeizima taa jana ileile. Angeweka kumi na nane, bibi angefia kwenye ya kumi na tisa. Aliokolewa na namba, na namba ile nilikaa juani nikaitafuta."

Mkude akasema: "Namba ilikuwa ya mzee, ni kweli. Ilikuwa imelala kifudifudi chini ya jiwe. Alikataliwa mara moja, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa na ufunguo na mkataba, na niliviweka vyote ndani ya sanduku lile. Kujua kulikokaa kigodani hakujawahi kumvusha mtu."

Kalunde akasema wa mwisho. Alipoanza hakumtazama mtu. "Mimi nilikosea. Nilisoma saba mahali pa tano, na leo asubuhi nilijua, na nikaficha. Lakini na mimi nauliza. Mzee alimpa bibi namba, kaka Mkude akampa muda. Muda hauna breki. Lori lilikuwa na taa nyekundu na bado lilikuja. Mstari wangu ungekuwa pale mnapotaka, lori lingesimama mita mbili ng'ambo ya bibi. Mnapeana sifa kwa mlichokusudia. Nitajieni mtu aliyevuka kwa makusudio."

Watu wakaguna. Injinia akawajibu mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayehesabu vijiti. Kwa Nsajigwa akasema: fundi anayejua watu watakufa na akikatazwa mara moja anasema sawa, nimpe kiti akasemee sawa akiwa amekaa vizuri zaidi? Kwa Mkude akasema: jana alivunja amri akapatia, na atakapovunja asipatie, nani atakuwa na ufunguo? Kwa Kalunde akasema: kosa lililookoa ni kosa, na kulificha ni la pili.

Mwenye kinu, mama mmoja aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, akauliza kutoka mlangoni: "Na wewe uliyekataa kusoma nyuma, baba?"

Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatoa fomu ya ajira mfukoni, akaitandaza juu ya sanduku la taa. Ilikuwa na mstari mmoja wa kuandikia jina moja. Akaigeuza nyuma, kulikuwa kweupe. Akaigeuza tena mbele. Akafungua kalamu.

Hadithi hii nimeitoa msibani, harusini na kwenye gereji mbili, na kalamu ya Injinia haijawahi kugusa karatasi. Waliosoma humpa Nsajigwa. Wenye damu moto humpa Mkude. Wale waliowahi kukosea kazini, ambao ni wengi kuliko wanavyokiri, hutazama chini, halafu humpa Kalunde. Gereji ya pili walirushiana spana.

Kabla hamjajibu, kuna kitu kimoja nimekitunga, maana hadithi nayo hutaka nakshi. Ni lile debe la mahindi. Sikuwa na debe, wala sikusimama mlangoni mwa kinu. Nilikuwa nimekaa, juu kidogo, usukani mikononi, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umefika chini kabisa na hakuna kilichobaki cha kukanyaga. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sura nzuri. Na ni mimi niliyeambiwa nizime injini.

Kwa hiyo msiniulize mimi. Siku ile hakuokoka bibi peke yake, na tangu hapo nikijaribu kuchagua mmoja, nawaona wengine wawili wamesimama mbele ya bampa. Ninyi hamkuwa kwenye usukani. Kalamu iko wazi, mstari ni mmoja. Je, liandikwe jina la nani?