Maboga ya Harusi

Mtu mmoja huko milimani Upare alikuwa na binti wawili, na nyuma ya jiko lake alikuwa na shimo la taka. Msicheke, wanakamati. Mmeniita nifungue kikao chenu cha harusi kwa neno, na neno nililokuja nalo ni hilo shimo.

Jina lake Sefania. Siku alipooa, wageni walikalia vigogo chini ya banda la miti na majani. Chakula kililiwa juu ya majani ya mgomba, togwa ikanywewa kwa vibuyu. Jioni walifagia kila kitu wakakitia shimoni: majani, maganda, mbegu za maboga, hata banda lenyewe likafuata. Mvua zilipokuja, shimo likaota maboga. Bibi harusi, ambaye baadaye tulimwita Mama Aneth, alipika majani yake, kisha boga lenyewe, na bado yakabaki ya kuwagawia majirani. Kila mwaka aliweka mbegu akapanda tena. Kila mwaka aliwapakulia binti zake na kuwaambia, “Kuleni, hii ni harusi yangu.” Sefania akisikia hivyo aliinamia chakula chake ili watoto wasione anavyotabasamu. Zilikuwa siku tamu zile, nami nazikumbuka kwa uchungu. Watu walikwisha kusahau nani alialikwa na nani alinuna, lakini harusi ilikuwa ingali inaliwa.

Kisha Mama Aneth akafariki.

Binti wa kwanza, Aneth, alipochumbiwa, Sefania alitaka watu wajue kwamba nyumba isiyo na mama bado ina heshima yake. Simlaumu. Aliagiza mjini sahani za plastiki, maua ya plastiki, maputo, riboni, na vikombe vilivyochapwa majina ya maharusi. Watu walisifu mpaka wakachoka. Jioni vyote vikaenda shimoni, vikafukiwa. Wanaziita sahani za kutupa, ndugu zangu, lakini hebu jaribu kuzitupa! Mvua ziliponyesha, maji yalituama juu ya shimo, na mbegu zilizopandwa pale zikaoza kabla ya kuota. Zilikuwa mbegu za mwisho za Mama Aneth. Kila jembe liliposhuka lilipandisha sahani, nyeupe vilevile kama siku ya harusi.

Ndoa ya Aneth haikudumu. Kosa lilikuwa la nani si kazi yangu kusema. Alirudi kwa baba yake na begi moja. Asubuhi moja mzee alikuwa akilima pale nyuma ya jiko, jembe likaibua kikombe. Majina mawili yalisomeka vizuri, na katikati yao moyo mwekundu. Aneth alikuwa anakuja na kikapu. Sefania akakificha kikombe nyuma ya mgongo, lakini mwanawe alikwisha kukiona. Ndoa ilikuwa imekwisha, na vikombe vyake vilikuwa bado vipya.

Sasa akachumbiwa binti wa pili, Nakunda. Mzee akawaza moyoni kwamba atafanya harusi kubwa kuliko ile ya kwanza, ili watu waache kuizungumzia ya kwanza. Akaanza kutafuta mtu wa kumtuma mjini. Nakunda, ambaye alikuwa hajasahau maboga ya mama yake, akampelekea chai, akamsubiri anywe, ndipo akasema:

“Baba, ukinioza mimi, na harusi yangu ioze.”

Sefania alishtuka. Alidhani mtoto amejilaani kwa mdomo wake mwenyewe, akafungua kinywa amkemee. Halafu macho yake yakaenda kule shimoni, akaelewa, akalia mbele ya mwanawe bila kujificha. Lakini hofu haikumtoka. Wakwe wakiona wamelishwa kwenye majani, si watasema wamedharauliwa? Na Nakunda si ndiye atakayeishi na maneno hayo, huko aendako, maisha yake yote?

Hata hivyo alishika jembe. Yeye na Aneth walifukua shimo. Aneth aliomba avitoe vikombe vyake mwenyewe, akavitoa kimoja kimoja, na kadiri gunia lilivyojaa ndivyo uso wake ulivyotulia. Magunia yale yako kwenye kona ya zizi hadi leo, kwa sababu hakuna mtu aliyejua ayapeleke wapi.

Siku ya harusi ikafika. Majani ya mgomba yakatandazwa. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzito aliyevaa suti, alilifunua jani lake akachungulia chini yake kama anayetafuta sahani. Wakwe wakatazamana. Sefania akatazama miguu yake. Nakunda akamtazama baba yake.

Ndipo jirani yao, Bibi Nanzia, akaingia na chungu kichwani. Alikuwa amepika boga. Zamani Mama Aneth alimgawia mbegu, naye alikuwa akizipanda kila mwaka kwenye kiunga chake bila kumwambia mtu, maana nani hutangaza maboga? Aneth akakipokea chungu, akampakulia kwanza yule mjomba, akasema kwa sauti ya mama yake kabisa, “Karibu, mjomba. Hii ni harusi ya mama yetu.” Mjomba akauliza maana yake, wakamweleza. Akala. Akaomba aongezewe, na alipomaliza akaomba mbegu za kwenda nazo kwake. Sefania akainamia chakula chake, kama zamani.

Jioni walifagia kila kitu wakakitia shimoni. Juzi nimepita pale baada ya mvua. Maboga yametambaa mpaka kwenye ukuta wa jiko, na Aneth alikuwa akichuma majani.

Nanyi mmekaa hapa leo kumwoza binti yenu. Niambieni basi, kabla sijawaombea: harusi yake itaoza lini?