Godoro Lisilofika

Kaeni, wapendwa. Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Leo nimekuja na hasira, sitawaficha, na hasira hiyo nimeitafutia mfano isije ikanitoka vibaya.

Alikuwako mama mmoja muuza karanga. Jina msiniulize, maana nikilitaja mtaanza kumtafuta kwa macho badala ya kunisikiliza. Alikuwa anakaanga karanga kwa chumvi, anazifunga kwenye vipakti, anazitembeza sokoni kwenye ungo tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Hapo anarudi nyumbani mbiombio, kwa sababu nyumbani kuna mume, na mume kalala.

Nimesema kalala, sikusema kapumzika. Kiharusi kilimpiga, upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukamwachia neno moja tu: "hapo." Akitaka maji, hapo. Akiwashwa, hapo. Akimkumbuka mwanawe aliye mbali, hapo, na machozi juu yake. Mkewe alilijua neno hilo kama ninyi mnavyoijua Sala ya Bwana. Alikuwa analitazama jicho tu, anajua ni hapo ipi.

Sasa mtu akilala mwaka mzima juu ya godoro lililokonda, mgongo unaoza. Nasema wazi, na anayeona haya azibe masikio. Kila alfajiri mama huyu anamgeuza mumewe, anaosha vidonda, anapaka dawa, na mwanaume mzima aliyekuwa fundi mwashi, aliyejenga nusu ya nyumba za kata ile, anauma shuka asilie. Nesi wa zahanati akamwambia mama, "Dawa peke yake haitoshi. Huyu anahitaji godoro la upepo." Ni lile linalojazwa kwa pampu, linavimba huku na kunywea kule, mgongo usikae mahali pamoja. Mama akauliza linapatikana wapi, nesi akapandisha mabega.

Chumbani mwao kulikuwa na luninga, mwana wao aliiacha alipohama. Ndiyo iliyokuwa inakaa na mzee mchana mkewe akiwa sokoni. Siku moja mama anarudi, yuko mlangoni hata ungo hajautua, anasikia: "Hapo, hapo, hapo." Anaingia, anamkuta mumewe kaunyoosha mkono mzima kuelekea kwenye luninga. Zile stesheni za kuuza vitu mnazijua ninyi, kutwa kucha sufuria zisizoshika ugali na mikanda ya kuondoa kitambi. Siku hiyo kulikuwa na godoro la upepo. Na kijana mwenye tai anatabasamu, anasema, "Elfu tisini tu, elfu tisini tu, na tunakuletea popote ulipo."

Popote ulipo. Mama alimtazama mumewe, akaona kitu ambacho hakukiona tangu kiharusi. Mzee alikuwa na hamu ya kesho.

Walikuwa na mbuzi mmoja, wa kipaimara cha mjukuu. Alikuwa ameshaahidiwa, hata mtoto alikuwa amempa jina. Mama akamuuza. Akatuma hela kwa simu siku hiyohiyo, akamwambia mumewe, "Wiki hii, baba. Wiki hii unalala kama mfalme." Jioni simu ikalia. Binti mmoja, sauti laini.

"Hongera mama, malipo yako tumeyapata. Bado ya usafirishaji, laki moja na kumi."

"Laki moja na kumi ya nini, mwanangu?"

"Ya kuleta mzigo, mama. Kwenu ni mbali."

"Si mlisema mnaleta popote nilipo?"

"Tunaleta, mama. Hatukusema tunaleta bure."

Mama akakaa chini. Akasema, "Yaani godoro ni elfu tisini, na njia yake ni laki moja na kumi."

"Ndiyo, mama."

"Na godoro lisiloletwa, mwanangu, mtu analilaliaje?"

Nadhani binti na yeye ana mama. Lakini akasema alivyofundishwa: mzigo umeshafungwa, hela hairudishwi, ukiwa tayari utatupigia.

Mnaguna. Guneni, hamjakosea. Mtu kauza mbuzi aliyemwona, akauziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa hata gunia lenyewe analipia kulitazama. Hivi huo si unyang'anyi? Unamwonesha mgonjwa dawa yake kila siku saa nne na saa nane, unamwekea bei anayoiweza, ukishaishika hela yake unamwambia bei hiyo ilikuwa ya kitu, kumfikia ni bei nyingine. Kama kufika ndiko kunakouzwa, mbona hawakutangaza kufika? Mbona yule wa tai hakusema, "Laki mbili tu, laki mbili tu"? Kwa sababu alijua mbuzi asingeuzwa. Mungu anawaona.

Mama akaanza upya. Karanga pakti kwa pakti, shilingi kwa shilingi, anatia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Wiki ya tatu alikuwa na elfu thelathini. Na kila siku lile tangazo linapita, na kila likipita mzee anasema "hapo," halafu anautazama mlango. Mkewe akafikia kuizima luninga, na mzee akawa anautazama mlango hivyohivyo.

Alhamisi, baada ya sala za jumuiya, mama akamfuata mzee wa kanisa. Mtu mwema, mwenye sauti, anayejua kukemea. Akamweleza yote. Mzee wa kanisa akachemka.

"Huo ni wizi wenye risiti, mama. Kitu hakijakufikia, kimekufaa nini? Jumapili hii nalisema kanisani, mbele ya watu wote."

Mama akashusha pumzi. Mtu akikusemea, hata kama hakukupa kitu, kifua kinapungua uzito. Akapata nguvu ya kuuliza na lile lingine.

"Na meza ya Bwana, mzee? Mume wangu ana miezi mitano hajashiriki. Nilikuambia tangu kabla ya Pasaka."

"Sijasahau, mama. Mchungaji yuko tayari wakati wowote. Huduma ya wagonjwa ni bure, unajua."

"Najua."

"Ni mafuta ya gari tu. Barabara ya kwenu kilimani unaijua mwenyewe. Ukipata elfu thelathini kwenye bahasha, hata keshokutwa tunakuja."

Mama akamtazama. Akasema polepole, "Kumbe na huku mnaleta popote nilipo." Mzee wa kanisa akacheka kwa adabu, kwa sababu hakuelewa.

Mama akarudi nyumbani, akalitoa kopo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakutaka kuamua peke yake juu ya mgongo usio wake. Akamwambia mumewe, "Baba, hela ni hii tu. Nianzie nauli ya godoro, au nikuitie meza ya Bwana?" Akamwonesha luninga kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamwonesha kitabu cha nyimbo dirishani. Yule mtu mwenye mgongo ulioonesha mfupa alitazama luninga, akatazama dirisha, akainua mkono wake mzima. Dirishani.

"Hapo."

Ijumaa asubuhi bahasha ikamfikia mzee wa kanisa. Akaandika jina juu yake, akasema, "Kesho alasiri." Jumamosi mama hakwenda sokoni. Alifua shuka, akatandika kitambaa cheupe kwenye stuli, akamvalisha mumewe lile shati alilolivaa siku ya harusi ya binti yao. Wakangoja. Saa tisa. Saa kumi na moja. Magharibi. Gari la kanisa siku hiyo lilikuwa limefungwa maua, limembeba bibi harusi. Hakuna aliyepiga simu. Giza lilipoingia mzee aliitazama ile stuli, akasema, "Hapo?" Kwa mara ya kwanza aliliuliza, na kwa mara ya kwanza mkewe hakuwa na tafsiri.

Jumapili mzee wa kanisa alitimiza ahadi. Wakati wa matangazo alisimama, akawasema wale wa luninga hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Watu wakapiga makofi. Na saa ileile watu wakipiga makofi, kule kilimani, juu ya godoro lilelile lililokonda, yule fundi akakata roho.

Jumanne ndiyo ilikuwa mazishi. Na gari likafika. Hiyo njia isiyopitika ilipitika vizuri kabisa, gari limejaa, mchungaji mbele, wazee nyuma, na maturubai juu. Walipomaliza kufukia, mzee wa kanisa alimwinamia mjane sikioni, kwa huruma kabisa, akamwambia:

"Mama, mafuta ya leo usihangaike. Tutatumia ileile bahasha yako."

Wapendwa, nilipokuwa nawasema wale wa luninga, upande huu wa akina mama nilisikia mtu akisema "wezi." Upande ule wa akina baba mmoja akasema "wafungwe." Sasa mbona kimya? Mbona hakuna anayeguna? Nyani haoni kundule, ndugu zangu, na nyani mwenyewe leo kavaa kanzu nyeupe, kasimama mimbarini.

Nimesema ni mfano, na ni mfano. Mama wa karanga nimemtunga. Godoro nimelitunga. Bahasha za mafuta sikuzitunga. Ziko kwenye droo ya meza yangu, na kila moja ina jina la mgonjwa juu yake kwa mwandiko mzuri. Na lile gari lenye maua naliendesha mimi. Mwezi uliopita, Jumamosi ambayo mgonjwa wa watu alikuwa ananingoja, mimi nilikuwa harusini nakula pilau, na nikaongeza sahani. Pilau hiyo pia sikuitunga.

Sisi ndio tunaotangaza. Sisi ndio tunaosimama hapa kila Jumapili na tai zetu, tunasema neema ni bure, ni bure, popote ulipo. Mtu akiitikia, akiuza mbuzi wake wa mwisho wa matumaini akatuamini, tunampigia hesabu ya kilomita. Nani alitupa kazi hiyo? Yeye alitoka mbinguni akaja hadi kwenye hori la ng'ombe. Umbali huo nani alimpimia mafuta? Nani alimtumia nauli kwanza ndipo aje?

Wale wa luninga ni wanyang'anyi, sifuti neno. Lakini wao wanashikilia godoro. Sisi tumeshikilia kitu ambacho mtu akikikosa hata kesho hakipati tena.

Na ninyi msijifiche nyuma ya kanzu yangu. Wewe unayemwambia mama yako mzazi, "Nitakuja kukuona, ila nitumie gunia la mahindi," unatoza nini hapo? Wewe uliyemsamehe ndugu yako tangu zamani moyoni, lakini mpaka aje na wazee watatu na kreti ya soda ndipo aambiwe, hiyo kreti ni ya nini? Msamaha unao, umeshafungwa vizuri, uko ghalani. Tatizo ni kuufikisha. Tunajisifu kwa wema ambao haujawahi kufika kwa mtu, halafu tunamshangaa mtu kwa nini hana shukrani.

Basi leo tukinyamaza tukamwacha Bwana anyooshe mkono wake aseme "hapo," msifikiri atanyoosha kwenye luninga.

Nina majina saba ya wagonjwa ambao hawajaletewa meza. La kwanza ni yule bibi wa ng'ambo ya mto. Mnamjua, ndiye aliyewafundisha nusu yenu Shule ya Jumapili, na bahasha yake ni ya tangu Februari. Zile bahasha zote saba zinarudi leo zilikotoka, hata kama zitanitia aibu mlango kwa mlango. Ibada ikiisha msinitafute pale nje kupeana mikono. Mkate na divai viko kwenye kikapu, ufunguo wa gari nimeuacha mezani kwa Bwana, na mimi nakwenda kwa miguu. Anayeona njia ni ndefu, aje tuione wote. Na bibi akituuliza kwa nini tumechelewa hivi, asitokee mtu wa kumweleza habari za barabara.

Simameni. Twendeni.