Patasi Iliyoishia Kinooni

Patasi na iishe mtini, isiishe kinooni.

Mmenisikia nikimwambia Lali maneno hayo, mkaacha mbaazi zenu mkanitazama kama nimemtukana. Sijamtukana mtu. Lali ameombwa achore picha ukutani kwenye chuo cha watoto, na tangu asubuhi anaosha brashi. Brashi mpya, hazijaonja rangi, naye anaziosha. Maneno hayo ni methali, na ilizaliwa mtaa huu huu, nyumba ile ya pembeni karibu na kisima. Ziweke chini hizo brashi, Lali, ukae na wenzako niwaeleze ilikotoka.

Hapo zamani alikuwepo fundi wa kuchonga milango, akiitwa Fundi Shekuwe. Mlango wowote wa maana hapa mjini ulipita mikononi mwake. Lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa mbao tupu, ungedhani ni wa banda la kuku. Kila akitaka kuuchonga, huja mteja, naye husema wangu utangoja. Uliendelea kungoja mpaka fundi akazeeka na macho yakaanza kuingia ukungu.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyempenda kama mwanawe, jina lake Bwanaheri. Siku moja alimwita, akampa vitu viwili. Cha kwanza, patasi yake mwenyewe, chuma kirefu kizuri alichorithi kwa baba yake. Cha pili, gogo la mbambakofi alilolihifadhi miaka mingi, limekauka vizuri bila ufa.

Akamwambia, "Nichongee mfaa wa mlango wangu. Nataka kuiona kazi yako kabla macho hayajafunga."

Mfaa mnaujua. Ni ule mti unaosimama katikati ya mlango, pale mbao mbili zinapokutana. Ndio uso wa mlango. Mgeni akibisha hodi, macho yake hutua hapo kwanza.

Bwanaheri aliubeba ule mti kwa furaha. Alikuwa na mkono mzuri, na maua ya kuchonga yalimjaa kichwani mpaka akawa anayachora kwa kidole kwenye unga wa mkewe. Akalichonga lile gogo kwa tezo, akalipiga randa likanyooka, likawa tayari kwa maua. Kilichobaki kilikuwa kuweka patasi na kuanza.

Hapo ndipo kioja kilipoanza.

Siku ya kwanza aliitazama patasi akasema makali hayatoshi. Akachukua kinoo, lile jiwe la kunolea, akalimwagia maji, akanoa mpaka adhuhuri. Akajaribu makali kwa kunyoa malaika ya mkono, vile vinywele laini. Yakanyoleka vizuri. Akasema, kesho. Kesho yake akaona makali yamelala na umande, akanoa tena. Mkono wake wa kushoto ukabaki laini kama wa mtoto mchanga, akahamia wa kulia.

Akichoka kunoa, alifagia karakana. Akiisha kufagia, aliona nyundo yake ya mti ina mpini mbaya, akachonga mpini mpya. Mpini ukataka mahali pa kukaa, akatengeneza rafu. Rafu ikafanya kigoda chake kionekane kibovu, akatengeneza kigoda. Jamani, alichonga kila kitu humo ndani isipokuwa kile alichotumwa.

Kisha akaanza kutembea mjini kutazama milango ya watu. Anatafuta fikra, ndivyo alivyosema. Husimama mbele ya mlango mikono nyuma, akikunja uso, mpaka wenye nyumba wakadhani ametumwa na mdai. Wengine walimkaribisha kahawa, naye hakuwahi kukataa. Akisikia msiba wa mtu asiyemjua, huenda kuzika. Akisikia harusi, huyo yupo jikoni anashauri pilau.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa mwanamke wa maneno machache lakini yenye pilipili. Kila asubuhi alimuuliza, "Mti umeamkaje leo?"

"Haraka haraka haina baraka," Bwanaheri hujibu.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Subira yavuta heri, mke wangu."

"Basi ivute, uilete tuione."

Watu wakimuuliza kazi imefika wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Natia makali." Na kweli alitia. Ukipita pale ulisikia jiwe na chuma, shwa, shwa, shwa, kutwa. Waliopita walisema fundi yule ana bidii.

Msimdhanie mvivu. Mvivu hulala, na huyu hakulala. Alikuwa na hofu. Ule mti ulikuwa mzuri mno bila jeraha, na jeraha la kwanza ndilo lingeonyesha yeye ni fundi gani. Kichwani mwake mfaa ulikuwa umekwisha na hauna kosa hata moja. Akigusa tu, kosa litaingia. Kwa hiyo alinoa.

Msimu ukapita, ukaja mwingine. Ukungu kwenye macho ya Fundi Shekuwe ukawa mzito, mwisho macho yakafunga kabisa, asione hata mwanga.

Habari zilipomfikia Bwanaheri alikuwa ameshika kinoo. Alilia, nawaambieni. Alilia huku ananoa, maana mikono haikujua kufanya jingine. Na bado hakuanza.

Asubuhi moja akasikia bakora ikigonga ukuta wa nje. Fundi Shekuwe ameingia, anapapasa, anatabasamu.

"Nimekuja kuona kazi yangu," akasema. "Macho yameniacha, lakini vidole vipo. Kwanza nipe patasi niishike, tulizoeana."

Bwanaheri akampa. Mzee akaipitishia kidole gumba toka mpini hadi makali, akasita, akaipitishia tena. Ile patasi ndefu ilikuwa imebaki urefu wa kidole. Uso wa mzee ukang'aa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi na baba yangu tumechonga milango ya mji mzima kwa chuma hiki na hatukukifikisha hapa. Umefanya kazi, mwanangu. Haya, nipeleke kwenye mfaa wangu."

Ungekuwa wewe, Lali, ungefanyaje? Bwanaheri alimshika mkono akampeleka, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Mzee akaweka viganja juu ya mti, akavishusha polepole. Laini. Akavipandisha. Laini.

"Huu ni upande wa nyuma," akasema. "Nigeuzie."

Bwanaheri akaugeuza. Mzee akapapasa tena, mpaka chini, mpaka akapiga magoti. Alipoinuka, tabasamu lilikuwa limekwenda.

"Bwanaheri, chuma changu kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda kinooni, fundi."

"Chote?"

"Chote. Nilikuwa naogopa kukuharibia mti. Nikasema nikinoa zaidi sitakosea. Nisamehe, fundi. Ulitaka kuona, na mimi nimekukosesha."

Mzee alikaa kwenye kile kigoda kipya. Kuona kazi ile ndilo jambo pekee alilokuwa amemwomba, na lilikuwa limepita, halirudi.

Ndipo akasema, "Sikukupa patasi uniwekee. Patasi lazima iishe, kila chombo huisha. Lakini na iishe mtini, isiishe kinooni. Kipande kilichobaki kinatosha. Anza, nakusikiliza."

"Sasa hivi?"

"Kuna msiba unaokwenda kuzika?"

Bwanaheri akaweka patasi juu ya mti. Akapiga. Mstari ukaenda upande.

"Nimepinda, fundi," akasema.

"Nimesikia. Piga tena."

Akapiga tena, na tena. Ule mstari uliopinda hakuweza kuufuta, kwa hiyo akaufuata, akaufanya shina la ua linaloinama. Kipande cha patasi kilikuwa kifupi mno, vidole vikawa vinakwaruza mti, ngozi ikachubuka, akavifunga kitambaa akaendelea. Kila asubuhi mzee alikuja akaketi kusikiliza. Akisikia jiwe lile linaguswa zaidi ya lazima, hukohoa. Mwanahawa naye aliacha kuuliza mti umeamkaje, akawa analeta uji tu na kuuweka karibu.

Mfaa ulikwisha, ukasimamishwa. Haukuwa ule wa kichwani mwake. Ulikuwa na makosa, na ulikuwa mlangoni. Fundi Shekuwe hakuuona hata siku moja, na hilo Bwanaheri alibaki nalo maisha yake yote. Lakini kila mzee alipotoka kwenda msikitini, na kila aliporudi, vidole vyake vilitafuta lile shina lililopinda. Aliligusa akasema, "Hapa ndipo alipoanza," kisha akaingia ndani.

Bwanaheri alichonga milango mingi baada ya hapo, na wanafunzi wake wakachukua yale maneno ya mzee, yakatoka karakana yakaingia mjini, mpaka nikayakuta mimi. Nyumba ile ya pembeni, mfaa bado upo. Nendeni mkaupapase. Pale shina linapoinama pameng'aa kwa vidole vya watu.

Lali, unakwenda wapi na brashi hizo? Kisima kiko kushoto. Wewe umeshika njia ya chuoni, na kopo la rangi umelikumbuka. Nenda, mwanangu, na ukipinda usirudi kuniambia, piga tena. Mbaazi zako nitakufunikia.

Patasi na iishe mtini, isiishe kinooni.